Tundu la Kiyoyozi

Kwa miaka zaidi ya ishirini nililichukia tundu moja ukutani. Lilikuwa kwenye ukuta wa nyuma wa studio yetu, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, mahali ambapo zamani palikuwa na kiyoyozi cha dirishani. Kiyoyozi chenyewe kilikufa kabla sijaajiriwa. Hewa ya chumvi ya Bagamoyo haina huruma na chuma, ilikitafuna mpaka kikabaki kutikisika kwenye misumari. Mafundi wakakitoa, wakaziba nafasi yake kwa kipande cha mbao laini, na mbao nayo ikapinda kwa unyevu, ikaacha mwanya wa kupitisha kiganja. Nyuma ya mwanya huo, hatua chache tu, palikuwa na msikiti.

Sisi ni kituo kidogo cha televisheni ya umma. Tunaonekana ukanda huu wa pwani, na hali ya hewa ikiwa njema tunafika hadi vijiji vya kaskazini, huko Mkange. Kazi yangu ni kusimama kando ya kamera na kumwongoza mtangazaji kwa mikono. Nikinyanyua mkono, anajua asubiri. Nikiushusha, anaanza. Nikizungusha kidole, afupishe. Nina pia ubao mweupe ninaouandikia kwa kalamu nene, na mtangazaji hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kilichoandikwa kwenye ubao husomwa, hakijadiliwi. Sijawahi kuonekana kwenye kioo hata siku moja. Nimeridhika hivyo, kwa sababu sina uso wa subira.

Basi tulikuwa tukirekodi baina ya adhana na adhana. Mgeni anafika kwenye utamu wa maneno yake, machozi yanamlengalenga, na muadhini naye anaingia kupitia tundu, wazi kabisa. Kata! Tunazima taa, wenye kuswali wanakwenda, wengine wanakunywa kahawa. Tukirudi, mgeni hana tena machozi. Mpiga kamera wetu, Mkristo aliyehamia kutoka bara, aliijua sauti ya yule muadhini kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Alijua akiwa na mafua, alijua akisafiri na kumwachia mwingine. "Leo mwenyewe hayupo," alikuwa akisema, na kweli hayupo. Mimi nilikuwa nikinuna. Niliandika barua za kulalamikia lile tundu mpaka aliyekuwa mkuu wa kituo akanitania kwamba nikifa nizikwe na nakala zake.

Lakini kila mwaka mwezi mmoja tundu lilikuwa mwenzetu. Ramadhani tulikuwa na kipindi cha moja kwa moja kabla ya magharibi, mawaidha kidogo na mapishi kidogo, na mwisho wake mtangazaji huwaambia watazamaji kwamba wakati wa kufuturu umewadia. Mimi nilikuwa nasimama chini ya tundu na mkono juu. Studio nzima inautazama ule mkono. Muadhini akianza tu, naushusha, na mtangazaji anasema. Hakuna aliyetazama saa. Saa ya nini, na muadhini yupo?

Na ilikuwa afadhali hatukuitazama, kwa sababu saa yetu ya ukutani ilikuwa ya uongo. Mkuu wa zamani aliitanguliza dakika tano ili watangazaji wachelewaji wawahi. Kila mtu alilijua hilo. Ukiulizwa saa, unaisoma kama ilivyo, na aliyekuuliza anatoa zile tano mwenyewe kimoyomoyo. Hatukuwahi kukaa kikao kuliamua jambo hili, lakini tuliishi nalo miaka na hakuna kilichoharibika.

Mwaka juzi tukaambiwa studio itafanywa upya. Nilicheka, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa mara nyingi. Safari hii wakaja kweli, mhandisi na karatasi zake na mafundi na masanduku. Wakabandua trei za mayai tulizozipigilia kuta zote kwa mikono yetu ili kupunguza mwangwi. Wakatoa zulia, na harufu ya panya wa vizazi vyote ikatutoka nalo. Wakashusha zile taa kubwa za zamani zilizokuwa zikiyeyusha poda usoni kwa watangazaji mpaka wakafanana na maandazi yaliyotoka kwenye mafuta. Mpiga kamera aliipigapiga mgongoni kamera yake kuukuu kabla hawajaipeleka stoo. Ilikuwa haiwaki bila kupigwapigwa.

Mhandisi alitupa karatasi mbili za kujaza. Ya kwanza iliuliza: studio hii inategemea nini ili ifanye kazi? Tukakaa wote tukaandika kila kitu, taa, nyaya, jenereta, stendi za kamera, mpaka birika la chai, maana mtangazaji mmoja alishikilia kwamba bila chai sauti yake haitoki. Hakuna aliyeandika tundu. Karatasi ya pili iliuliza kero. Hapo niliinyakua kalamu, nikaandika tundu namba moja, na nikalipigia mstari mara mbili.

Ombi langu jingine lilikuwa dogo. Nilipoona saa ya ukutani imetupwa kwenye rundo la takataka nje, nilishikwa na huruma. Nikaipangusa, nikaomba itundikwe kwenye chumba kipya cha mitambo. Mhandisi alicheka akakubali. Nilichotaka kiondoke kiliondoka, na nilichotaka kibaki kilibaki. Mara ngapi mtumishi wa umma anapata yote mawili?

Siku waliyotuingiza studio mpya, nilifunga ile milango miwili mizito yenye raba, nikasimama katikati peke yangu. Kuta zilikuwa zimevikwa sifongo nyeusi. Sikusikia bodaboda wala kunguru. Nilisikia tumbo langu likinguruma. Nilipiga kofi moja, na kofi likafa palepale. Nililia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimefanya kazi maisha yangu yote kwenye kelele, nikiomba ukimya, na ukimya ulikuwa umekuja ningali na nguvu za kuutumia.

Nina mama mkubwa anayeishi Mkange, ndani kabisa mashambani. Ndiye aliyenilea baada ya mdogo wake, mama yangu, kufariki. Yeye ni mzaliwa wa Kaole, aliolewa Mkange, akabaki huko hata baada ya kufiwa na mumewe. Msikiti wa kijiji uko mbali na kwake, na mvua ikipiga kwenye bati hasikii hata kuku wake. Kwa hiyo Ramadhani hufungua kwa televisheni yetu, inayowaka kwa sola. Miaka yote amekuwa akijivunia jambo moja tu, na halikuwa watoto wala mashamba: hana saumu ya kulipa. Siku alizokula kwa uzazi na kwa mambo ya kike alizilipa zote, moja moja, mapema kabisa. "Nikiitwa, nitaondoka mwepesi," alikuwa akisema. Mganga wa zahanati alishamkataza kufunga kwa sababu ya presha. Mwaka huo aliniambia kwa simu kwamba atafunga mwezi mmoja wa mwisho, halafu atamtii mganga.

Mimi sikubisha. Ukimjua mama mkubwa huwezi kubisha.

Tulipanga kuijaribu studio wiki mbili kabla ya kwenda hewani. Mafundi wakachelewa, kama kawaida ya mafundi, na mwezi hauwangojei mafundi. Siku ya mwisho ya Shaabani fundi wa kompyuta alikuwa bado ameinamia mtambo mpya, ule utakaorusha kila kitu wenyewe kwa ratiba, ikiwemo adhana iliyorekodiwa. Mtandao ulikuwa haujaunganishwa, kwa hiyo mtambo ulihitaji kuambiwa saa kwa mkono. Fundi alijipapasa mifukoni. Simu yake haikuwepo. Ilikuwa kwenye kikapu cha mlangoni, kwa sababu nina sheria kwamba hakuna simu inayovuka mlango wangu, na nilikuwa nimemgombeza asubuhi ile kwa kutaka kupita nayo.

"Mama, samahani, saa ngapi sasa hivi?" akaniuliza.

Niliinua macho ukutani. "Saa tano na dakika ishirini," nikamwambia.

Niliisoma kama ilivyo, kama nilivyoisoma miaka yote, na kutoa nikamwachia aliyeuliza. Yeye alikuwa mgeni. Hakujua kwamba kuna cha kutoa. Akaandika, akabonyeza, na mimi nikaendelea kukunja nyaya.

Jioni ile mwezi ukaandama.

Kesho yake tulikwenda hewani. Nje kulikuwa na mawingu ya masika tangu adhuhuri, jua halikuonekana, lakini sisi ndani hatukujua hata kama kuna nje. Mtangazaji alipendeza. Taa mpya hazichomi, poda ilikaa mahali pake, na mgeni wetu wa mawaidha alizungumza kwa utulivu mpaka nikamsahau muadhini kabisa. Nilisimama na mkono juu kwa mazoea. Adhana ikatoka kwenye mtambo, safi, haina mkwaruzo. Nikashusha mkono. Mtangazaji akasema wakati umewadia, tufuturu, Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu. Tukapitishiana sahani ya tende. Mpiga kamera, ambaye hafungi lakini futari huwa wa kwanza, alichukua mbili.

Wakati mapishi yanaendelea nilitoka kwenda kuchukua chupa ya uji niliyoiacha kwa mlinzi. Nilisukuma mlango wa kwanza, nikasukuma wa pili. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikafika barazani, kokwa ya tende ingali mdomoni, na pale msikitini yule muadhini wetu, mwenyewe, akakohoa kwenye kipaza sauti na kuanza kuadhini magharibi.

Nilitema kokwa mkononi. Nilisimama namna hiyo nikimsikiliza mpaka neno la mwisho, nikitumaini upuuzi: labda amechelewa yeye. Hajawahi kuchelewa. Nilikwenda kwenye kikapu cha simu, nikatazama saa ya simu yangu, kisha nikaingia chumba cha mitambo nikatazama saa ya ukutani na saa ya kompyuta. Hizo mbili zilikuwa zimepatana kabisa. Zote zilikuwa mbele ya simu kwa dakika tano.

Mkuu wetu wa kituo wa sasa ni mtu mwema, lakini ana woga wa kiofisi. Nilipomwambia, alifunga mlango kwanza.

"Dakika tano tu," akasema.

"Saumu haina tu."

"Wa mjini wamewasikia waadhini wao. Watakuwa wamejua wenyewe. Na wa mbali hawatajua, kwa hiyo Mungu hatawauliza wasichokijua. Wiki ijayo wakubwa wanakuja kuzindua studio. Unataka waje wakute tunaombana radhi?"

"Hao wa mbali ndio wanaotungoja sisi," nikamwambia. "Wa mjini hawatuhitaji."

Akasema tutalizungumza kesho kwenye kikao. Neno kikao lilinipandisha mori. Nilimwona mama mkubwa wangu amekaa mkekani mbele ya televisheni, amefunga siku ya kwanza ya mwezi wake wa mwisho, na sisi tunamwekea kikao. Nilirudi studio. Zilibaki dakika chache kipindi kiishe. Nikachukua ubao, nikaandika kwa herufi kubwa, nikausimamisha chini ya kamera: TUMEKOSEA. TUMEWAFUTURISHA KABLA YA WAKATI. MLIOFUNGUA NASI MTALAZIMIKA KUILIPA SIKU YA LEO. MTUWIE RADHI.

Kilichoandikwa kwenye ubao husomwa. Mtangazaji alikisoma kwa tabasamu lake lilelile mpaka neno la tatu, kisha tabasamu likaondoka, lakini sauti haikusimama. Alisoma yote. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Kesho yake nilipewa barua ya kujieleza. Nilijieleza. Niliandika kwamba aliyesoma saa ni mimi, aliyeokoa saa ile jalalani ni mimi, aliyemnyang'anya fundi simu ni mimi, na aliyeomba tundu lizibwe ni mimi, nakala zipo. Mkuu aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Hakuizungumzia tena, na wala hakunichangamkia mwezi mzima.

Usiku uleule wa kosa, baada ya kipindi, nilimpigia mama mkubwa kwa simu ya jirani yake.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Saumu imekuendeaje?"

"Ulifungua na sisi?"

"Nilifungua nanyi. Nimesikia baadaye yule binti akisema. Basi, nitalipa." Halafu mtandao ukakatika.

Mwezi ule sikuufunga kwa raha. Mtu wa umri wake anahesabiwa kwa siku, na mimi nilikuwa nimemwongezea moja juu ya mabega. Kila simu ya namba nisiyoijua ilinishtua. Nilimwambia nitamfungia mimi ile siku, yeye apumzike. Akanijibu kwamba mtu hafungiwi akiwa hai, na kama nina haraka ya kumfungia basi nimwombee afe. Alicheka. Mimi sikucheka. Alimaliza mwezi, presha ikapanda wiki ya mwisho, ikashuka. Baada ya Idi nilitaka kwenda mara moja, lakini barabara ya Mkange ilikuwa imekatwa na maji, na nilingoja kwa siku kumi nikila bila kusikia ladha.

Nilifika siku ya kumi na moja, jioni. Alikuwa amekonda. Usiku tukala daku pamoja na tukanuia, yeye siku yake na mimi yangu, kwa sababu na mimi nilikula ile tende. Mchana alilala sana. Adhuhuri alitoka jasho, nikamsihi avunje, akanitazama mpaka nikajiona mdogo. Alasiri tulikaa barazani, televisheni imezimwa ndani. Hapo ndipo nilipomuuliza jambo lililokuwa likinisumbua.

"Mama mkubwa, siku ile hukushuku chochote? Mawingu yalikuwepo, sawa. Lakini hukuona kama ni mapema?"

"Nilishuku," akasema. "Sikumsikia muadhini wenu."

"Si adhana ilitoka?"

"Ilitoka adhana, lakini si yake. Miaka yote nyuma ya mtangazaji namsikia yule mzee, mbali mbali, kama anaadhini ndani ya mtungi. Yeye ndiye niliyekuwa nikimfuata, si huyo binti wenu na mapambo yake. Siku ile nikatega sikio, hayupo. Nikakaa na tende mkononi. Nikawaza, mbona hayupo?"

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Nikasema, mwanangu yuko pale. Hawezi kuniacha nile mchana."

Nilitazama mihogo yake. Miaka yote nilikuwa nikiandika barua ili sauti ile iondoke, na huku mwisho wa matangazo yetu kulikuwa na mtu mmoja aliyeitegemea hiyo kuliko kazi yangu yote. Na ilipoondoka, akanitegemea mimi.

Jua likaingia kwenye miti ya shamba. Nilileta maji na tende, nikatoa simu nitazame saa.

"Weka hiyo," akasema. "Nyanyua mkono kama unavyofanya kazini. Hujawahi kunionyesha."

Nikasimama uani, nikanyanyua mkono, uso kuelekea magharibi. Jua likazama. Sikuushusha. Wekundu ukatanda, nikangoja. Popo wakaanza kutoka, nikangoja. Bega liliniuma, machozi yalikuwa yakinitoka, na nilikuwa naogopa kuushusha ule mkono kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Mwanangu," mama mkubwa akaniita kutoka barazani, tende mkononi. "Limeshazama. Ushushe, nina njaa."